Viti vya watu wenye ulemavu bungeni: nani anavishika, na shilingi anaishika nani?

Mkalimani wa Makulu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna uzi mwingine humu watu wanatoana jasho kama watu wenye ulemavu waongezewe viti bungeni au viti maalumu vyote vifutwe. Nimeusoma mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mbunge akishaapa anafanya nini, na akinyamaza miaka mitano anawajibishwa na nani.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama hapa Dodoma. Kazi yangu ni kukaa kwenye vikao vya watu wengine na kupeleka maneno yao kwa mikono, kwa hiyo nimesikia ahadi nyingi kuliko wengi wenu. Msimamo wangu ni huu: makofi ya ukumbini hayajawahi kumnunulia mtu kiti mwendo. Huduma inazaliwa kwenye kitabu cha bajeti na kwenye kanuni zinazotungwa baada ya sheria kupita, yaani sehemu mbili ambazo hazina mvuto kwenye televisheni.

Angalieni tulikotoka. Mwaka 1982 tulikuwa na sheria mbili, moja ya ajira kwa watu wenye ulemavu, nyingine ya matunzo yao. Lugha yake ilikuwa ya huruma, mtu anatunzwa. Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya 2010. Isomeni, ni nzuri kweli. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Kuna Baraza la Ushauri la Taifa. Kuna Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu.

Sasa huo Mfuko. Sheria inasema utapata fedha zitakazoidhinishwa na Bunge, pamoja na michango na vyanzo vingine. Haikusema kiasi gani, wala asilimia ya nini. Matokeo yake, miaka nenda rudi, kilio cha vyama vya watu wenye ulemavu kikawa kilekile: Mfuko upo kwenye karatasi.

Linganisheni na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mwaka 2018 ilipoingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, iligawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo bila riba. Hiyo asilimia 2 haikuandikwa kwa maneno matamu hata kidogo. Ni namba, chanzo, na mkurugenzi wa halmashauri ambaye jina lake linajulikana. Ndiyo maana ikaanza kutembea, pamoja na madudu yake: mikopo isiyorejeshwa, vikundi hewa, hoja za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali), mpaka ikasimamishwa 2023 na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini fedha ikitafunwa tunalalamika kwamba imetafunwa. Ile ya Mfuko hata wa kuitafuna hakuwapo!

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni Ibara ya 99 ya Katiba yetu. Mbunge wa kawaida hawezi kuleta muswada unaoigharimu hazina akategemea upite. Mambo ya fedha yanaanzia kwa Rais kupitia waziri. Kwa hiyo unapompigia kelele mbunge wako alete muswada binafsi wa bima ya afya kwa kila mtu mwenye ulemavu, unamtuma akagonge ukuta. Ila mbunge huyohuyo ana silaha nyingine. Wizara inapopitishiwa mafungu kwenye Kamati ya Matumizi, anaweza kusimama akashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani akatoa hoja upunguzwe kwa shilingi moja, mpaka apewe maelezo. Wanashika shilingi kwa ajili ya barabara, maji na korosho. Kwa ajili ya wakalimani hospitalini mmewahi kuona wakishika mara ngapi?

Niishie hapo kwanza. Karibuni.

Ngosha wa Isamilo

Mleta uzi umeongea vizuri ila umemkwepa fisi. Viti vyenyewe ni hisani ya chama. Katiba yetu haina kiti hata kimoja kilichoandikwa "cha mtu mwenye ulemavu". Kuna viti maalumu vya wanawake, chama kinaamua kutenga nafasi ndani yake, na kuna zile nafasi 10 za uteuzi wa Rais. Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliingia 2008 kwa uteuzi, wakati wa yale mauaji ya watu wenye ualbino. Dkt. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, 2015, uteuzi, na unaibu waziri juu yake. Sisemi hawakufaa. Nasema aliyekupa anaweza asikupe tena, na wewe unalijua hilo kila unapowasha kipaza sauti.

Mimi mfano wangu ni Salum Barwany. Jimbo la Lindi Mjini, 2010, kupitia chama cha CUF, mtu mwenye ualbino, akapigiwa kura na watu ambao wengi wao hawana ualbino. Yule hakuwa na wa kumwambia kaa chini isipokuwa wana Lindi. Tupiganie majimbo, viti vya kupewa tuachane navyo.

Mwana wa Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ngosha, hapo kwenye hisani ya chama sisi tumeshaona mchezo wote, tena Katiba ikiwa upande wetu.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 98, inaweka maseneta wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ibara ya 54 inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwenye karatasi, tunang'ara.

Lakini maseneta hao wanatoka kwenye orodha za vyama. Isaac Mwaura alikuwa seneta anayewakilisha watu wenye ulemavu. Mwaka 2021 akakosana na chama chake cha Jubilee kwa siasa za urais, siasa ambazo hazihusiani kabisa na ulemavu. Chama kikamfukuza, Mei kiti kikatangazwa kuwa wazi, ikabidi aende mahakamani. Sasa niambieni, kiti kilikuwa cha nani?

Kuna na lingine dogo ambalo wengi hawalijui hata huku kwetu. Mswada unaohusu kaunti, Seneti hupiga kura kwa ujumbe wa kaunti, kura moja kwa kila kaunti. Seneta wa watu wenye ulemavu anahesabiwa ndani ya ujumbe wa kaunti alikojiandikisha. Hana kura yake peke yake. Na huduma nyingi za afya ziko kaunti.

Hata hivyo nisiwe mchoyo. Seneta Crystal Asige, ambaye haoni, aliuleta Mswada wa Watu Wenye Ulemavu mwaka 2023. Umezungushwa, umerudishwa, ukapita Seneti na Bunge la Taifa, Rais akautia sahihi Mei 2025. Umechukua nafasi ya sheria ya 2003 iliyokuwa imezeeka. Huyo ni seneta wa kuteuliwa, Ngosha. Na upande wa waliochaguliwa tunaye Tim Wanyonyi, anatumia kiti cha magurudumu, Westlands wamemchagua tangu 2013. Kwa hiyo sioni kwa nini tuchague njia moja.

Mkalimani wa Makulu

Mwana wa Likoni, nashukuru sana. Hebu waeleze na habari ya sensa, maana najua unaijua.

Mwana wa Likoni

Haya. Sensa yetu ya 2019 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2. Nyinyi sensa yenu ya 2022 ilisema 11.2. Je, Watanzania ni walemavu mara tano zaidi yetu? Hapana. Inategemea ulipoweka mstari. Ukimhesabu aliyejibu "napata ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" pekee, namba inashuka. Ukiushusha mpaka yule anayepata ugumu kidogo kuona au kutembea, inapanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria dunia nzima ni asilimia 16.

Sasa chukua hiyo 2.2 uende nayo kuomba bajeti. Afisa wa hazina anakuuliza kwa upole kabisa, "Lakini si mko wachache?" Sensa iliyopita kabla ya hapo ilikuwa imesema 3.5, yaani eti tumepungua!

fimbo_nyeupe

Nakazia hoja ya mleta uzi kuhusu kanuni, ila niwape upande wa mtu asiyeona.

Kuna muswada mmoja uliwahi kutangazwa, wadau tukaombwa maoni kwa maandishi ndani ya siku chache. Nikaupakua. Programu ya kusoma skrini kwenye simu yangu ikaniambia neno moja tu: "Picha." Ukurasa wa pili: "Picha." Mtu alikuwa ameuchapa, akaupiga mhuri, akauskani, akaupandisha mtandaoni. Kurasa zote zikawa picha. Nikampa mpwa wangu wa kidato cha pili anisomee vifungu, na mtoto wa watu akifika kwenye "bila kuathiri masharti ya kifungu kidogo" anaanza kusinzia.

Nilituma maoni yangu usiku wa mwisho. Kesho yake ukumbini wakagawa makaratasi. Nilipouliza nukta nundu, nikaambiwa nikae karibu na mtu wa kunisomea. Muswada wenyewe, kama mlivyoshaanza kuhisi, ulikuwa unatuhusu sisi.

Simlaumu aliyeskani. Hakuna kanuni iliyomwambia asifanye hivyo.

Mkalimani wa Makulu

fimbo_nyeupe, umenikumbusha kikao kimoja cha kukusanya maoni. Meza ya mbele ilikuwa ya waandishi, kwa hiyo wakaniambia mkalimani nisimame nyuma, karibu na mlango. Viziwi walikuwa sita au saba. Wafanyeje? Wakageuza viti vyao wakaniangalia mimi, yaani wakampa mgongo mwenyekiti. Mwenyekiti akakasirika kweli, akakatisha mjumbe aliyekuwa anasoma, akauliza hawa vijana wana adabu gani. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuwatafsiria hilo swali.

Mzee mmoja kiziwi akajibu kwa mikono, mimi nikawa sauti yake: "Mheshimiwa, lete mikono yake mbele, na sisi tutakuja mbele." Nikahamishiwa mbele. Dakika ishirini za kikao zilikuwa zimeshakwenda.

Binti Makunduchi

Assalaam alaykum. Kaka mleta uzi, nakusahihisha kidogo kwa heshima. Sheria Na. 9 ya 2010 ni ya Bara. Jambo hili si la Muungano. Zanzibar tulitangulia, sheria yetu ya kwanza ya haki za watu wenye ulemavu ni ya 2006, na huku mambo hayo yanakwenda Baraza la Wawakilishi, si Dodoma. Jumuiya yetu ya UWZ, yaani Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ipo tangu 1985. Mara nyingi mnasema "Tanzania" mkiwa mnakusudia upande mmoja tu, halafu mtu wa Pemba anapeleka malalamiko yake kwa mbunge ambaye hana la kumfanyia.

MamaPacha_Mbagala

Samahanini, nyie mnaongea mambo makubwa. Mimi nina mtoto wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Pacha mwenzake yuko darasa la tatu, yeye yuko mgongoni kwangu. Amekuwa mzito. Kliniki ya mazoezi napanda daladala mbili, konda akituona anasema gari imejaa. Bajaji ya kukodi kwenda na kurudi ni hela ya kula ya siku mbili. Biashara yangu ya vitumbua nimeiacha kwa sababu sina wa kumwachia mtoto.

Nani kati ya hao wabunge anamhusu mwanangu? Maana mtoto wangu hatapiga kura, hatakwenda kutoa maoni, na hayo maandamano ya fimbo nyeupe ya wasioona sisi hatumo.

Ngosha wa Isamilo

Pole sana dada yangu. Hapa mleta uzi ajibu bila kona kona.

Mkalimani wa Makulu

Dada, umeuliza swali ambalo vyama vyetu wenyewe tunalikwepa. SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, ndani yake kuna viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino na wengine. Wanaofika mbele ya kamati ni wenye uwezo wa kusimama na kujieleza. Watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye mgongo wazi, wanasemewa na mama zao, na mama zao hawana nauli ya Dodoma.

Kwa sasa, la haraka kuliko Bunge ni halmashauri. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako, uliza mikopo ya asilimia 2. Uliza mambo mawili: utaratibu wa sasa unamruhusuje mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu, na kama ni lazima muwe kikundi au mtu mmoja anaruhusiwa, maana masharti ya kikundi yaliwahi kulegezwa kwa watu wenye ulemavu. Wasikujibu kwa mdomo, omba wakuonyeshe kanuni. Na diwani wako aulizwe kwenye kikao cha kata mwaka jana asilimia 2 ilikuwa shilingi ngapi na imetoka kiasi gani. Halmashauri nyingi zimezoea kusema hakuna walioomba.

Bungeni, linalomhusu mwanao ni bajeti ya afya na ya elimu. Haliko kwenye fungu lenye jina la watu wenye ulemavu. Hapo ndipo wabunge wetu wa makundi maalumu wanapokosea, ukiniuliza mimi. Wanasubiri siku ya wizara yenye neno "ulemavu" kwenye jina, wanachangia dakika zao, wanapongeza, wanakaa. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaajiriwa na wizara nyingine, walimu wa elimu maalumu wizara nyingine, ukaguzi wa daladala sehemu nyingine kabisa.

Mpwa wa Mutukula

Niko mpakani, nasikia redio za pande zote. Uganda walimaliza ubishi wa Ngosha zamani. Bunge lao lina wabunge watano wa watu wenye ulemavu tangu 1996, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Hawateuliwi na chama, wanachaguliwa na wajumbe wa watu wenye ulemavu wenyewe kutoka wilayani. Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni mwaka huo na mkalimani wake. Rwanda nao wana mbunge mmoja anayechaguliwa kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Lakini msidhani ni peponi. Wapiga kura wakiwa wachache wanaoenea ukumbi mmoja, mwenye fedha ya kuwalaza hotelini anawajua kwa majina. Na Uganda ilipitisha sheria 2006, ikabidi waandike nyingine 2020. Watano ndani ya Bunge la mamia bado wanahitaji marafiki.

Mtoto wa Uvira

Jambo bandugu. Huku kwetu Kongo tuko na loi (sheria) ya 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na toka 2019 serkali iliweka ministre wa kushughulikia hao watu, mama Irène Esambo. Ni mzuri. Ila hapa Mashariki vita inaongeza vilema kila siku, na loi iko Kinshasa, iko mu Kifaransa. Mutu aliyekatwa mguu hapa haijue hata kama iko.

Mchana Kivulini

Mimi nina ualbino, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu makofi. Wakati wa mauaji Bunge zima lilitulilia. Wabunge walilia kweli, sisemi walijifanya. Ila kinachotumaliza wengi wetu, kimya kimya, ni jua. Saratani ya ngozi. Mafuta ya kujikinga yanatengenezwa hapahapa nchini, KCMC Moshi wana kitengo chao, Kilisun. Swali ni nani ananunua, kwa fungu gani, yanafika zahanati ya Sengerema au yanaishia mkoani?

Mbunge akisimama akasema "tunaomba Serikali iwaangalie kwa jicho la huruma ndugu zetu albino", anapigiwa meza. Akisimama akauliza mwaka huu zimenunuliwa chupa ngapi na zimekwenda wilaya zipi, ukumbi unapoa. Mimi huyo wa pili ndiye nitampigia kampeni, awe na ulemavu au asiwe nao, awe wa jimbo au wa kupewa.

Ngosha wa Isamilo

Mchana Kivulini umenimaliza. Narudisha panga alani kwenye hoja ya majimbo. Bado naamini mbunge asiyeteuliwa ana uti wa mgongo zaidi, ila hata wangu wa jimbo sijawahi kumsikia akiuliza chupa.

Mkalimani wa Makulu

Tufanye kitu basi. Wenye wabunge wanaopokea simu wapo humu. Nimeandika rasimu ya swali la msingi, na mbunge anaruhusiwa mawili ya nyongeza. Rekebisheni.

Msingi: Je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha watu wenye ualbino wanapata mafuta ya kujikinga na jua katika vituo vya afya nchini?

Nyongeza ya kwanza: Je, ni lini Serikali itaweka wakalimani wa lugha ya alama katika hospitali za rufaa za mikoa?

Nyongeza ya pili: Je, Serikali haioni haja ya kuwasaidia wazazi wanaolea watoto wenye mtindio wa ubongo?

Mchana Kivulini

Hilo la msingi litajibiwa kwa "Serikali inaendelea kuboresha". Usiulize mpango. Uliza: katika mwaka wa fedha uliopita kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa, na halmashauri ngapi zilipokea. Akikosa namba, hapo ndipo utajua.

Mwana wa Likoni

Na nyongeza ya pili itoe "haioni haja". Waziri atasema anaiona, atakaa chini.

fimbo_nyeupe

Pia nyongeza lazima zitokane na swali la msingi. Umeruka kutoka mafuta hadi wakalimani, kiti cha Spika kitakukatalia. Gawa maswali matatu, tafuta wabunge watatu. La mtoto wa MamaPacha lipeleke wizara ya afya, liulize vituo vingapi vya wilaya vina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa majina ya wilaya.

MamaPacha_Mbagala

Wekeni na Temeke kwenye hilo la wilaya. Nimekwenda ofisi ya kata leo asubuhi. Afisa hakuwepo, nimeambiwa nirudi Alhamisi na barua ya serikali ya mtaa.

Mkalimani wa Makulu

Temeke imeingia. Dada, hiyo barua mwenyekiti wa mtaa akikuandikia, piga picha kabla hujaikabidhi. Rasimu mpya ya maswali matatu naiweka humu kesho jioni, kwa maandishi yanayosomeka na simu ya fimbo_nyeupe. Mwenye mbunge wa kamati ya afya anicheki inbox.